Mukashema na Machela ya Batsinda

Ukishuka Batsinda, hapa Kigali, kwa njia ya ngazi, kabla hujafika bondeni, utakuta kibanda cha maziwa kilichopakwa nyeupe na buluu. Ndani yupo mwanamke mpana wa mabega, mchache wa maneno, anakoroga mtindi kwenye ndoo kubwa. Huyo ndiye Mukashema. Juu ya kichwa chake, ukutani, imetundikwa miti miwili ya mkaratusi iliyozungushiwa turubai la kijani. Wageni hudhani ni mwavuli ulioharibika. Turubai lile nimelishona mimi, mshono wa mara mbili, uzi wa nailoni, na nitalitaja tena huko mbele, kwa sababu kazi nzuri haitajwi mara moja ikatosha.

Mimi ni Usumani, fundi cherehani, na watoto wote wa hapa huniita mjomba, hata wale ambao wazazi wao nawadai adabu. Babu yangu alikuja na wafanyabiashara kutoka Ujiji, akaoa mtaa wa Biryogo, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka na cha jirani zangu kimekaa upande. Shule niliiacha darasa la tano. Si kwa ujinga, ni mwalimu alikuwa amefika mwisho wa anayoyajua. Maneno mengi utakayosoma humu yalisemwa Kinyarwanda. Nimeyapima, nimeyakata, nimeyavalisha Kiswahili. Mukashema peke yake nitamwacha na Kiswahili chake mwenyewe, maana akinisemesha mimi hukitumia hichohicho, kwa makusudi, ili kiniume masikio.

Mukashema alizaliwa Gisagara, kule kusini. Alipokuwa darasa la sita, binamu wa baba yake alijifungua huku Kigali, ikasemwa msichana aende akambebee mtoto likizo moja tu. Likizo ile haijaisha mpaka leo. Mtoto aliyekwenda kumbeba sasa ana ndevu na gari. Mwenyewe husimulia akicheka, mwiko mkononi: "Fundi, mi iko bado likizo." Nilikuwa nikicheka naye. Ilichukua muda nikaona kwamba akishalisema hilo hukoroga ndoo kwa nguvu zaidi.

Uenyekiti wa wazazi pale shuleni hakuuomba. Ulimwangukia. Ulikuwa mkutano wa wazazi, chumba kina joto la tanuri, na waliokuja ungewahesabu kwa mkono mmoja ukabaki na kidole cha kujikuna. Mwalimu mkuu, Vestine, mama mwenye subira ya ng'ombe wa Nyagatare, akauliza nani atawaongoza wazazi mwaka huu. Kila mtu akaanza kuchunguza viatu vyake. Mukashema akasimama ili afungue dirisha. Wakapiga makofi. Aliporudi kuketi alikuwa kiongozi.

Mimi sikuwepo. Mpwa wangu Swafiya anasoma pale, na tangu dada yangu aende Oman kutafuta riziki mimi ndiye mzazi wake. Lakini mkutanoni nilikuwa napeleka udhuru, na udhuru wangu ulikuwa mzuri, niliubadilisha kila muhula kama mtindo wa nguo. Sote tulifanya hivyo. Mwingine alimtuma dada wa kazi, mwingine jirani, mwingine alijibu "nipo njiani" akiwa kitandani. Mukashema alipanga viti, akasubiri, akavipangua. Muhula uliofuata akavipanga tena. Mimi nikamwambia kwamba anavifundisha viti kusoma. Hakucheka.

Sasa msikie habari ya Christella.

Nyumba ya mwisho kule chini, ngazi zinapoishia na bonde linapoanza, alihamia mama mmoja anaitwa Nahimana. Alilelewa Bujumbura, mtu wa heshima zake, akipita anasalimia na kuendelea, hakai kibarazani kwa mtu. Mumewe Évode ni mwashi, hufuata kazi Rusizi na Musanze, hapa kwetu huonekana kama mwezi mwandamo, kwa tabu na kwa ubishi. Binti yao ndiye Christella, darasa moja na Swafiya wangu, darasa la sita, mwaka wa mtihani wa taifa. Mtoto ana akili mpaka inakera. Alikuwa akija kwangu kuchukua vipande vya kitambaa, anaondoka ameniambia nimekosea kugawa mita.

Likizo ya Pasaka mfupa wake wa paja ukaanza kuoza kwa ndani. Hospitali wakampasua, wakamfunga plasta kutoka nyonga mpaka vidoleni, wakaonya kwamba mguu usikunjwe mpaka wao wenyewe waikate. Akarudi nyumbani amenyooka kama ufito. Na shule iko wapi? Upande wa pili wa kilima. Upande ina maana upande ngazi zote, utembee mgongo wa mlima, ushuke tena. Gari halifiki kwa Nahimana. Moto, yaani pikipiki ya abiria, inafika, ila abiria wa moto hukunja magoti.

Kenny alijaribu. Kenny ni dereva wa moto aliyekulia Kampala, ana mtoto wake darasa la kwanza, kijana wa kifua kipana. Akambeba Christella mgongoni. Ule mguu ukatangulia mbele kama bunduki ya mlinzi wa benki. Hawakupanda sana, Kenny akateleza, wote wawili wakaketi chini bila kupanga, mtoto akapiga ukelele ambao niliusikia mpaka kwenye cherehani. Plasta haikupasuka, Mungu alikuwa karibu. Lakini Nahimana alikuwa ameona.

Siku iliyofuata alikuja kununua maziwa, nami nilikuwepo, nimekaa na glasi yangu na chapati mbili, moja ya njaa na moja ya heshima.

"Mama Shimwa," akamwambia Mukashema, maana Shimwa ndiye kifungua mimba wake, "nimekuja kukuaga kwa niaba ya mtoto. Jumamosi nampeleka Bugesera kwa shangazi yake. Kule ni tambarare, atakaa, atapona. Na shangazi ana mtoto mchanga, watasaidiana."

"Na mtihani?"

"Mwakani atarudia darasa. Ni muhula mmoja tu."

Mwiko ukasimama ndani ya ndoo. Nimekaa katika kibanda kile miaka, sijawahi kuuona mwiko ule umesimama mchana.

"Muhula moja," akasema Mukashema.

"Mmoja tu."

Nahimana alilipa, akaenda. Mukashema akabaki anatazama mlango. Kisha akaniuliza kama Swafiya ameona huyo mtoto anafanya nini siku hizi. Nikamwambia ninavyojua: kila jioni Swafiya anapeleka daftari kule chini, anasimama nje ya dirisha, na Christella akiwa amelala chali anamfundisha yeye somo ambalo Swafiya amelisikia darasani na hakulielewa. Asiyekwenda shule ndiye anayemfundisha anayekwenda. Nilikusudia iwe kichekesho.

Mukashema akaitisha mkutano wa wazazi. Wakaja wawili, na mmoja alikuwa amekosea mlango, anatafuta kwaya.

Ndipo alipokuja kwangu na turubai la lori begani.

"Fundi. Mi nataka ingobyi."

Msomaji wa mbali, ingobyi ni machela. Huku kwenye milima, tangu enzi za mababu, majirani wana machela yao ya pamoja. Mtu akizidiwa, anabebwa juu ya mabega mpaka kwa daktari, na kila kaya hutoa bega. Akifa, hiyohiyo humrudisha. Ukikataa kubeba, hakuna atakayekugombeza. Watanyamaza tu, watakungoja siku yako.

"Mama Shimwa," nikamwambia, "hapa ni mjini. Siku hizi kuna ambulansi."

"Ambulansi iko inapanda ngazi?"

"Na nani atabeba?"

"Mi. Mama Kevine. Mama Joriji. Na wewe."

"Mimi mabega yangu ni ya kupimia makoti."

"Usumani, wewe iko na mdomo mingi. Bega iko wapi?"

Basi nikashona. Na niseme ukweli ambao kila aliyeiona atauthibitisha: fahali angelala humo na mshono usingekohoa.

Jioni ile Mukashema alimpelekea Nahimana habari kwamba kesho Ijumaa tutakuja kumchukua mtoto, aende shule. Nahimana akajibu, "Tutaona." Kwetu "tutaona" ni hapana iliyovaa suti. Mukashema aliijua vizuri kuliko mimi. Akaamua kuichukua kama ndiyo.

Kukipambazuka tulikuwa langoni kwa Nahimana, wanawake watatu na mimi. Ukungu umekaa bondeni. Tumejifunga vitenge kwa ajili ya baridi, hata mimi, na usinicheke. Hatukubisha hodi, kwa sababu ndani walikuwa bado wamelala na sisi ni watu wa adabu. Tukasimama kimya, machela imelala chini mbele ya lango, vichwa tumeinamisha kwa usingizi.

Sasa fikiria wewe ni muzehe Habumugisha. Umezeeka, unakaa nyumba inayotazamana na hiyo, unafungua dirisha alfajiri, unaona machela langoni kwa jirani mwenye mtoto mgonjwa, na wanawake wamejitanda, wamesimama kimya. Utafikiri nini?

Alitoka amekumbatia kuni, maana msiba hauendewi mikono mitupu na moto wa matanga lazima uwake. Akaziweka langoni, akavua kofia, akasimama pamoja nasi. Hakuuliza. Mtu haulizi. Mimi nilidhani amekuja kubeba, nikamwitikia kwa kichwa, kwa huzuni ya usingizi. Kile kichwa changu ndicho kilichomaliza mambo. Mke wake akawaambia wa juu, wa juu wakawaambia wa juu zaidi. Wakaanza kushuka. Huyu ana ndoo ya maji, huyu ana mkeka, huyu ana benchi kichwani. Kenny akazima moto yake kule juu, akaisukuma kwa mikono ili isipige kelele. Wanaume ambao sijawahi kuwaona wamevaa mashati walikuwa wamevaa makoti. Mama mmoja wa kanisani akaanzisha wimbo wa kuaga, taratibu, na wengine wakaupokea, na wallahi uliimbwa vizuri, sauti ya kwanza na ya pili. Mimi ni Mwislamu, lakini machozi yalinilenga, na sikujua tunamlilia nani.

Mukashema pekee alikuwa ameshaelewa. Nilimwona anahesabu vichwa kwa macho.

Lango likafunguka. Nahimana akatoka na kanga ya kulalia, akaona kilima kizima kinamwimbia. Akashika nguzo.

"Nani amekufa?"

Wimbo ukaisha sauti mojamoja, ya muzehe Habumugisha ikiwa ya mwisho.

"Pole sana, mwanangu," akasema muzehe. "Tumesikia habari ya mtoto."

"Habari gani?"

Na kutoka ndani, kupitia dirisha lililo wazi, sauti ikasema: "Mama, mimi sijafa. Natafuta soksi."

Katika maisha yangu nimeona aibu za aina nyingi, nyingine nimezishona mwenyewe, lakini ile ya asubuhi ile sijaona mfano wake. Watu wazima walitazama benchi, wakatazama ndoo, kila mmoja anatafuta jinsi ya kuonekana alikuwa anapita tu. Nahimana hakucheka. Uso ulimbadilika.

"Mmenililia mwanangu akiwa hai," akasema. "Mmeweka machela mlangoni kwangu. Huko nilikokulia mtu akifanyiwa hivyo anahama. Chukueni vitu vyenu. Leo hii nampeleka Bugesera, sisubiri Jumamosi."

Akashika lango kulifunga.

Muzehe Habumugisha akainama kuziokota kuni zake. Mukashema akaweka mguu juu ya zile kuni.

"Muzehe, kuni za namna hii hurudi?"

Mzee akafikiri. Kila mtu pale alilijua jibu. Kuni zilizopelekwa kwenye nyumba ya watu kwa ajili ya matanga hazirudi nyumbani kwa mwenyewe. Ukizirudisha, unarudi nazo na kile ulichokuwa umekwenda kukililia.

"Hazirudi," akasema.

"Basi lazima ziwake hapa," akasema Mukashema. Akamgeukia Nahimana, akasema kwa Kinyarwanda, taratibu, neno kwa neno: "Mama Christella, umesema kweli, tumekuletea mkosi. Turuhusu tuuondoe. Moto ukiwaka na watu wakala pamoja na aliye hai, mkosi umekosa pa kukaa. Tukimaliza kula, ukitaka kutufukuza, utatufukuza tukiwa tumeshiba."

Hilo la moto na mkosi, sijui alilitoa wapi. Nimewauliza wazee watatu wa Gisagara, hakuna anayelijua. Lakini asubuhi ile lilisikika kama limesemwa tangu dunia iumbwe.

Nahimana akatazama kuni, akamtazama muzehe. Kisha akaachia lango.

Kenny akatumwa kibandani, akarudi na ndoo ya maziwa yote ya siku ile. Moto ukawashwa uani. Mabenchi ya matanga yakawa mabenchi ya chai. Watu ambao tangu Nahimana ahamie hawakuwahi kuvuka lango lake, sasa walikuwa wanamuuliza vikombe viko wapi, na kusifu migomba yake. Mama wa wimbo akapika uji. Nilimsikia muzehe anamwambia Nahimana kwamba yeye pia aliwahi kuishi Bujumbura, ujanani, akiendesha lori, na Nahimana anamuuliza mtaa gani, na baada ya hapo wale wawili hawakunyamaza.

Tukamtoa Christella nje, amekaa juu ya godoro. Akatuangalia, sisi na vikombe vyetu mkononi.

"Wote hawa walikuja kunizika?"

"Tulikuja," akasema muzehe Habumugisha. "Umetukatalia. Sasa umetupotezea asubuhi, na makoti tumeshavaa. Panda hapa tukupeleke shule, angalau tuseme tumebeba mtu."

Christella akamtazama mama yake. Ua lote likamtazama mama yake. Mukashema peke yake alitazama chini, na nikaona mkono wake umeshika kitenge kwa nguvu.

Nahimana akameza maziwa yaliyokuwa kinywani. "Nenda kanawe uso kwanza," akamwambia mtoto. Kisha akakumbuka kwamba mtoto hawezi kwenda popote, akacheka, akalia, akalileta beseni mwenyewe.

Hivyo ndivyo Christella alivyokwenda shule. Alibebwa na msiba mzima, wenye makoti, mabenchi yakiwa yamebaki uani. Mwalimu mkuu Vestine alipotuona tunaingia na machela akaanza kufanya ishara ya msalaba, Christella akampungia mkono, na ile ishara ikaishia hewani.

Nimefikiri sana juu ya siku ile, na mimi nikifikiri hufika mbali. Mukashema aliita mikutano kwa miaka na sisi tukapeleka udhuru. Kumbe tulikuwa tunaitwa kwa jina lisilo letu. Mkutanoni mtu humtuma dada wa kazi. Kwenye machela humtumi mtu. Muhula ule hakuitisha mkutano tena. Aligawa njia. Kutoka kwa Nahimana mpaka kwenye bomba la maji, zamu ya nyumba za chini. Kutoka bomba mpaka kibandani, nyumba za katikati. Kutoka kibandani, kupita mgongo wa kilima mpaka shuleni, sisi. Unasikia wanakuja, unatoka langoni, unapokea mti, unafikisha mpaka wako, unampa mwenzako, unarudi kunywa chai. Mtoto hasimami njiani. Nilimwambia Mukashema kwamba wazo hilo hata mimi ningelipata, kama ningekuwa na nafasi.

Na jambo ambalo halikupangwa na yeyote: wale wa zamu ya mwisho iliwabidi waingie shuleni. Machela haimwachi mtu getini. Unaingia nayo mpaka darasani, unamlaza mtoto kwenye benchi lake karibu na ukuta, na ukishafika huko ndani macho yako hayawezi kufumba. Kenny alimkuta mwanawe amekaa nyuma kabisa, anakunja uso kuutazama ubao. Kumbe mtoto haoni mbali, na nyumbani walikuwa wanamchapa kwa uvivu. Sasa ana miwani, na Kenny anabeba hata siku isiyo zamu yake. Mama Joriji aliona jiko la shule linavuja juu ya sufuria ya maharage, wiki iliyofuata waashi watatu walikuwa juu ya paa, mmojawao Évode, amerudi kutoka Musanze kwa sababu mkewe alimwambia kwamba mtoto wake anabebwa na watu wote isipokuwa baba yake. Mimi niliona sare za watoto, jinsi zilivyoshonwa, nikaumwa na kichwa. Nikakaa pale alasiri nzima na sindano. Swafiya aliniona kupitia mlango wa darasa, akaniangalia kama mtu anayeona jua limechomoza magharibi. "Mjomba," akasema, "umekosea njia?"

Masika ile ilitupiga. Ngazi zilikuwa sabuni. Siku moja mama Kevine aliteleza karibu na bomba, mti wa nyuma ukashuka ghafla, machela ikapinduka upande, na mtoto akabaki ndani kwa sababu turubai lilimkumbatia. Nilisema kwamba nitalitaja tena. Mshono haukutoa hata uzi mmoja. Nahimana aliyekuwa akitufuata na mwavuli alikaa chini kwenye matope, mkono kifuani. Tukangoja aseme neno la Bugesera. Akasimama, akampa mama Kevine ule mwavuli, akashika mti wa nyuma yeye mwenyewe.

Ikaja Julai, vumbi, siku ya mtihani. Mtihani haufanyiwi kwetu. Hufanyiwa katika shule nyingine, kilima cha ng'ambo, mbali kuliko tulivyowahi kubeba, na barabara yake ni ya lami yenye magari na watu wanaokwenda kazini. Huko hatukuwa na zamu. Mukashema alituambia tutakaza tu. Tukatoka na nyota. Wote wa Batsinda wanaojiweza walikuwepo, muzehe mbele na fimbo, Christella juu, kalamu mbili kifuani na kitambulisho cha mtihani shingoni, midomo inacheza, anakariri.

Tukavuka bonde. Tukaanza mlima wa watu wengine, na mabega yakaanza kusema. Langu lilisema zaidi, kwa kuwa lina elimu. Katikati ya mlima nilihisi mti umekuwa mwepesi. Nikageuka. Nyuma yangu alikuwepo mwanamume nisiyemjua, suti, viatu vinang'aa, ameshika mti. Mkoba wake alikuwa amempa mama muuza parachichi, nadhani hawajuani pia.

"Mgonjwa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapana," akasema Mukashema. "Mtihani."

Yule bwana akaitikia kwa kichwa, akaongeza hatua.

Nilidhani mji umesahau. Hapa kila mtu ana lango lake na ufunguo wake, watu hupishana kituo cha basi bila kugusana viwiko. Lakini machela ilipopita, sheria ile ya zamani iliamka ndani ya miguu yao: ukikutana nayo, unaacha unachofanya, unatoa bega mpaka utakapopokelewa. Mama mfagia barabara akalaza ufagio wake kando ya lami, akaingia chini ya mti. Vijana wa moto wakazima injini. Mwanafunzi wa chuo, kondakta, shehe wa msikiti wa kule juu akiwa na kanzu nyeupe siku ya kazi. Hakuna aliyeitwa. Neno lilitangulia mbele yetu kutoka mdomo hadi mdomo, mtihani, mtihani, na tulipofika kila kona tulikuta watu wameshasimama, mikono tayari. Machela ilikwenda juu ya vichwa kama inayojua njia. Mimi nikajikuta nyuma, sina mti wa kushika. Nilitembea tu, nimeshika kofia yangu, natazama mguu mweupe wa plasta unaupanda mlima kwa miguu ya watu wa Kigali.

Getini Christella akasema ashushwe. Magongo yake yalikuwa mikononi mwa Swafiya. Akasimama, akanyoosha sketi, akaingia kwa magongo, Swafiya nyuma yake kwa mtihani huohuo, tok, tok, mguu ule umenyooka kando, hakugeuka nyuma. Wale wageni walipokea mikoba yao, wakaenda kazini wamechelewa, hakuna aliyetupa jina.

Nikamwambia Mukashema turudi, kibanda kimefungwa, jua litapanda, maziwa yataharibika.

"Yaharibike," akasema. Alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili. "Mi nataka kumuona akitoka."

Nikakaa chini karibu naye. Na maziwa yakaharibika.

Matokeo yalipotoka, Christella alipangiwa shule ya bweni kule Rwamagana. Plasta ilikuwa imeshakatwa. Mguu umepona, ni mfupi kidogo kuliko mwenzake, na mimi ndiye ninayemshonea sketi upindo wa upande mmoja ili usionekane. Chumba cha mkutano wa wazazi siku hizi hakitoshi. Mkutano wa mwisho nilichelewa, nikasikilizia dirishani.

Mwezi wa kumi na mbili, Christella akiwa nyumbani likizo, muzehe Habumugisha alibanwa kifua. Machela ikateremshwa ukutani, kila mtu akatoka langoni kwake, hakuna aliyepigiwa simu. Tulipopita kibandani kuelekea barabarani, ambako Kenny alikuwa ameshasimamisha gari la kwenda hospitali ya Kibagabaga, Christella alikuwa anakunywa mtindi. Akaiacha glasi. Akakimbia kwa mwendo wake ule wa kuruka, akaingia chini ya mti kati ya Mukashema na mimi. Bega lake halikufika. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akaushika hivyo.

Muzehe akafumbua jicho moja, akamwona.

"Wewe," akasema kwa pumzi kidogo, "kuni umeleta?"

"Sijaleta, muzehe. Utazitaka za nini?"

"Basi tembea."

Tukatembea. Alirudi baada ya wiki, akiwa na dawa mfukoni na malalamiko juu ya chakula cha hospitali. Ila siku ile kwenye zile ngazi hatukulijua hilo. Nilimtazama Mukashema, macho mbele, jasho kwenye sikio, na yule msichana katikati yetu amenyoosha mikono juu. Nilikuwa na neno la kumtania. Nikalimeza, nikashika mti.